Nilivyompeleka Mama Assen kuona mbio za pikipiki

Mama yangu alikuwa mkunga, na kabla sijazaliwa alikuwa akipanda pikipiki kwenda kuzalisha wanawake vijijini. Kwa hiyo watu waliponiuliza kwa nini nimpeleke mzee wa miaka 78 kwenye makelele ya MotoGP, ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki, badala ya kumpeleka mahali akapumzike, sikuona haja ya kujieleza. Mimi nilikuwa na swali moja tu: mwili wake utakubali?

Ndiyo maana nikachagua Assen, kaskazini mwa Uholanzi, mwishoni mwa Juni 2024. Nchi yenyewe ni tambarare, hakuna vilima vya kumpandisha mtu mwenye magoti mabovu, na treni inafika mpaka mjini. Halafu ni uwanja wenye heshima yake. Mbio za pale zilianza 1925, na tangu ubingwa wa dunia uanze mwaka 1949, Assen imekosekana kwenye kalenda mara moja tu, mwaka 2020 wa korona.

Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ndiyo iliyochukua muda. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa mzee, nenda mapema. Umri mkubwa haumwondolei mtu kutoa alama za vidole. Vidole vya Mama vimelainika kwa miaka ya kunawa na kusugua, mashine ikavikataa mara kadhaa, na yeye akawa anamcheka yule kijana wa kaunta. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Hapo usiishie kwenye hicho kiwango. Soma sehemu ya magonjwa ambayo mtu tayari anayo. Mama ana presha, na bima ya kwanza niliyoonyeshwa isingelipa chochote kinachotokana nayo. Nikaiacha, nikatafuta nyingine.

Kuhusu ndege nitasema mawili. Kiti cha magurudumu cha uwanjani ni bure, ila viwanja vya Ulaya vinataka uombe saa 48 kabla, na kuomba ni kupitia shirika la ndege. Mama alikikataa kwa sababu "mimi si mgonjwa", mpaka alipoona foleni ya uhamiaji na jinsi wenye viti wanavyopitishwa pembeni. Dawa zake zote zilikaa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Daktari huyohuyo ndiye aliyemshauri soksi za kubana miguu na kuinuka mara kwa mara ili damu isigande.

Tulilala Groningen, si Assen. Wiki ya mbio mji wa Assen hugeuka tamasha, muziki mpaka usiku, na vyumba huisha mapema. Groningen iko mwendo wa kama dakika 20 kwa treni, na usiku mtu analala. Ila nunua kitambaa cha kufunika macho, maana Juni kule saa nne usiku bado kuna mwanga.

Sasa jambo ambalo ningemwambia kila mwenye mzazi mzee: siku ya kumpeleka ni Ijumaa. Kila mtu anawaza Jumapili. Lakini Ijumaa ni siku ya mazoezi. Waendeshaji ni walewale, pikipiki ni zilezile, na zinapita mbele yako kuanzia asubuhi mpaka alasiri, madaraja yote matatu ya mashindano: Moto3, Moto2 na MotoGP yenyewe. Watu ni wachache, choo hakina foleni, na ukitaka kuondoka saa nane hujakosa matokeo yoyote. Mama alikaa anapotaka, akasinzia kidogo, akaamka akaendelea. Jumamosi tulibaki hotelini, mbio fupi tukaziona kwenye televisheni. Jumapili alirudi uwanjani akiwa na nguvu, tena akiujua mlango, choo na ngazi.

Viti vyetu vilikuwa jukwaa la kona ya Geert Timmer, safu za chini, pembeni kabisa mwa njia ili asiwarukie watu. Tikiti za kukaa kwenye majani ni nafuu, lakini kuketi chini siku nzima na kuinuka kwenye mteremko si mambo ya mzee. Kona hiyo ni ya mwisho kabla ya mstari wa kumalizia. Pikipiki zinafika kwa kasi, breki zinashikwa, kulia, kushoto, na zimeondoka. Mbele yetu kulikuwa na skrini kubwa, kwa hiyo hata zilipokuwa upande wa pili hakupotea.

Masikio yasidharauliwe. Mama anatumia kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja. Tulikitoa, tukamwekea vizibo, na juu yake vifuniko vizito kama vya mafundi wa karakana. Tukawa tunazungumza kwa ishara, na kati ya mbio na mbio ndipo alipofungua masikio na kumwaga maneno yote aliyokuwa ameyahifadhi. Nilimweleza kwamba mwaka 1964, hapo hapo Assen, Jim Redman wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alishinda madaraja matatu siku moja: pikipiki za cc 125, 250 na 350. Akaniuliza, "Alikula saa ngapi?"

Mbio kubwa zilikuwa mizunguko 26. Francesco Bagnaia alishika mbele tangu mwanzo akaenda zake, Jorge Martín wa pili. Kusema kweli Mama alimchoka haraka Bagnaia. Macho yake yalikuwa kwa kundi la nyuma lililokuwa likigombea nafasi ya tatu, na humo ndimo alimomwona Marc Márquez akipunguza mwendo na kumpisha Fabio Di Giannantonio. Akanivuta mkono kwa nguvu, akinionyesha kana kwamba mtu ameiba.

Tulipotoa vizibo nikamfafanulia. Sheria inataka upepo wa tairi la mbele usishuke chini ya kiwango fulani kwa sehemu kubwa ya mbio. Ukiwa mbele peke yako, hewa inalipoza tairi na upepo unashuka; ukijibanza nyuma ya mwenzako, joto lake linaupandisha. Márquez alikuwa anatafuta joto. Bado haikutosha: alimaliza wa nne nyuma ya Enea Bastianini, kisha akaongezewa sekunde 16 na kushushwa hadi wa kumi. Habari hiyo niliisoma kwenye simu tukiwa ndani ya treni ya kurudi Groningen.

Nikamsomea Mama, nikidhani atamwonea huruma Márquez. Akalivua koti la mvua ambalo hatukulihitaji, akalikunja magotini.

"Upepo wa tairi unaangaliwa asubuhi, mwanangu, kabla hujatoka. Mimi nilikuwa na mjamzito ananisubiri na bado nilikuwa naangalia. Yeye ana mafundi wangapi?"