Barua moja, nakala tano: nilivyojifunza kuzeesha karatasi kwa wino

Katika barua zote ambazo baba alimwandikia mama, imebaki moja. Nyingine zilipotelea katika kuhamahama. Sisi watoto tuko watano na kila mmoja alikuwa akiitaka. Mama akakata shauri: barua haitoki kwenye mkebe wake, anayetaka atengenezewe nakala. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye ugonjwa wa kazi za karatasi, kadi, albamu, visanduku na makorokoro mengine, macho yote yakanigeukia.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinila karibu mwezi mzima.

Nakala ya kwanza ilitoka nyeupe pepepe, mwandiko wa baba ukielea juu yake kama tangazo la mkutano. Maneno ni yaleyale, lakini barua haikuwamo. Nikaamua kuizeesha, na njia niliyoijua ni ile inayojulikana na wengi, yaani chai ya rangi. Nikachemsha ya kukolea, nikaiacha ipoe, nikaimimina kwenye sinia na kuizamisha nakala yangu. Kufumba na kufumbua maandishi yakaanza kutembea. Nilikuwa nimechapisha kwa printa ya wino, na wino wa printa nyingi za aina hiyo ukikutana na maji unayeyuka. Nilipoinua karatasi, sahihi ya baba ilikuwa imeteremka hadi ukingoni, haisomeki, bluu tupu.

Basi nikaenda kuchapisha upya kwa printa ya leza. Hiyo haitumii wino wa maji, inatumia poda yenye plastiki ambayo joto huiyeyusha na kuigandisha kwenye karatasi, kwa hiyo maji hayaifanyi kitu. Kabla ya kuchapisha nilifanya jambo moja ambalo ningelijua mapema lingeniokolea karatasi nyingi. Nilifungua picha ya barua kwenye kompyuta nikafuta rangi ya nyuma yote, nikabakiza mwandiko peke yake. Madoa yaliyochapishwa na printa hayana kina. Ukiyapaka wino halisi juu yake, unapata madoa mawili yanayogombana.

Chai nayo niliiacha. Ilinipa rangi moja ukurasa mzima, kama nguo iliyochovywa, na karatasi ikajikunja mawimbi. Zaidi ya hayo chai ina asidi, na asidi ni adui wa karatasi na picha kadiri miaka inavyokwenda. Kama ni ramani ya hazina ya kuchezea watoto, sawa, chovya. Kitu cha kukaa kwenye albamu pamoja na picha za familia, hapana.

Nikahamia kwenye pedi za wino, zile za kugongea mihuri. Hapa nililipa ada ya ujinga mara ya pili, maana nilichukua pedi ya kwanza ya kahawia niliyoiona. Kumbe wino hautofautiani kwa rangi tu. Kuna wino unaozama ndani ya nyuzi za karatasi na kuna wino wa chembechembe unaokaa juu yake. Wangu ulikuwa huo wa pili. Unakauka polepole, na juu ya karatasi laini unaweza kubaki mbichi muda mrefu. Niliishika nakala nikidhani imekauka, nikaiachia alama ya kidole gumba katikati ya sentensi ya kwanza. Kwa kuzeesha, wino unaofaa ni ule unaozama na ambao maji yanaweza kuusogeza hata baada ya kuupaka. Katika kazi za karatasi, uliotia fora ni Distress Ink wa kampuni ya Ranger ya Marekani, uliobuniwa na Tim Holtz hasa kwa shughuli hii. Hata majina ya rangi zake yanajieleza: Antique Linen, ambayo ni nyeupe iliyochujuka, Vintage Photo ya kahawia ya picha za zamani, na Walnut Stain iliyokoza zaidi. Si lazima uwe huo, lakini ukinunua mwingine uliza kwanza kama ni wa maji na kama unazama.

Sasa nina wino sahihi na karatasi sahihi. Nikachukua kahawia iliyokoza, nikasugua pedi moja kwa moja kwenye kingo zote nne, sawasawa, kwa uangalifu mkubwa, nikajipongeza. Mdogo wangu wa mwisho akapita, akaichukua, akaigeuza.

"Dada, hii umeiokoa motoni?"

Nilishika tama. Alikuwa na haki. Ilikuwa na fremu ya kahawia nyeusi pande zote na katikati nyeupe, kama mkate uliosahauliwa. Hakuna karatasi inayozeeka namna hiyo.

Ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilimwomba mama anipe barua yenyewe kwa saa moja, nikaiweka karibu na dirisha na kuitazama. Kuitazama tu, bila wino mkononi.

Barua ile ilikunjwa sehemu tatu, maandishi yakiwa ndani. Sehemu ya chini ilikunjwa juu kwanza, kisha ya juu ikashushwa kuifunika. Imelala hivyo mkebeni kwa miaka zaidi ya 40. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba upande wenye maandishi ulikuwa karibu msafi. Kahawia yote ilikuwa mgongoni! Na hata huko mgongoni haikuwa sawa. Pande mbili zilizotazama nje zilikuwa zimekoza, ya tatu iliyofichwa ndani ilikuwa na rangi ya maziwa. Kingo za kushoto na kulia zilikuwa na utepe wa kahawia wenye upana wa kidole, unaofifia kuelekea ndani. Ukingo wa juu nao ulikuwa umekoza, kwa sababu ndio uliokuwa nje. Ukingo wa chini, ule uliofunikwa, ulikuwa bado karibu mweupe. Miaka yote hiyo, ukurasa mmoja, na ukingo huu hauna habari na yaliyoupata ule.

Sababu yake si siri. Karatasi ya kawaida hutoka kwenye miti, na ile isiyosafishwa sana hubaki na lignini, kitu kile kinachoupa mti ugumu wake. Hewa na mwanga vikiigusa lignini, inageuka njano, kisha kahawia. Ndiyo maana gazeti likiachwa juani siku chache tu linabadilika. Hewa huingia kupitia kingo, mwanga hupiga kilicho nje, na mikono huacha mafuta na uchafu pale inaposhika. Kwa hiyo kila doa lina sababu ya kuwa lilipo. Mimi nilikuwa nikipaka kahawia mahali ambapo hewa haikupata kufika.

Kuanzia hapo sikupaka kitu kabla ya kukunja.

Nilikunja nakala kama baba alivyokunja, nikaipaka wino ikiwa imekunjwa vilevile. Mgongo wake na kingo zilizo wazi zikapata rangi, zilizojificha zikajificha. Nilipoifungua, mstari kati ya palipokoza na palipopauka ulikuwa umejichora wenyewe mahali pake. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Namna ya kupaka nayo ina utaratibu wake. Usiguse karatasi kwa pedi. Chukua kipande cha sponji laini, kigonge kwenye pedi, kisha kigonge kwanza kwenye karatasi ya takataka mpaka kiwe karibu kikavu. Mimi nilifanyia kazi juu ya kioo kilichotoka kwenye fremu ya picha, maana kinafutika. Unaanza kuzungusha sponji juu ya kioo, nje kabisa ya karatasi, halafu unaingia taratibu ukiendelea kuzungusha, mkono mwepesi kama unampaka mtoto poda. Ukianzia ndani ya karatasi, mguso wa kwanza unaacha alama ya duara ambayo haitoki. Nilianza na rangi hafifu, ikaenea ndani kiasi cha vidole vitatu. Ikakauka. Halafu ya kati, ikaishia kidole kimoja. Iliyokoza sana nilipitisha kwenye ukingo wenyewe tu, ule unene wa karatasi, na kwenye pembe mbili zinazoshikwa mtu anapofungua barua. Hiyo iliyokoza ndiyo ya kuogopa. Wengi wetu tunaikimbilia kwa sababu inaleta mabadiliko ya haraka, na ndiyo inayoleta harufu ya moto.

Mikunjo ilinifurahisha kuliko vyote. Katika barua halisi, mgongo wa mkunjo ulikuwa umechubuka na kuwa na manyoya, na miisho yake imeanza kupasuka kidogo. Nilikunja na kukunjua nakala kama mara 50 nikisikiliza redio, kisha nikapitisha msasa laini kabisa, mara mbili tatu tu, juu ya ule mgongo. Karatasi ya kiwandani hutiwa kitu kama wanga au gundi ili wino usisambae, na msasa unaondoa tabaka hilo na kuzinyanyua nyuzi. Ukipitisha sponji hapo, nyuzi zilizochubuka zinanywa wino kwa pupa, na mstari mwembamba wa kahawia unajitokeza bila kuuchora. Mipasuko ya miisho niliifanya kwa kucha. Mkasi unaacha jeraha jipya linaloonekana kutoka mbali.

Madoa ya maji ni rahisi kuliko yanavyoonekana. Unachovya vidole, unanyunyiza, unaacha tone likae kama dakika moja, unaligusa kwa kitambaa kikavu bila kusugua. Wino wa pale unanyanyuka na kubaki doa lililopauka. Ukiliacha tone likauke lenyewe unapata kitu kingine, duara lenye ukingo mweusi. Maji hukauka haraka zaidi pembeni mwa tone, na yale ya katikati hukimbilia huko yakibeba rangi. Nilifanya yote mawili. Vile vitone vidogo vya kahawia vinavyoonekana kwenye karatasi za zamani, ambavyo huletwa na kuvu au chembe za chuma ndani ya karatasi, nilivirusha kwa mswaki uliochovywa kwenye wino uliochanganywa na maji. Nakala mbili nilizirushia mno, zikawa kama zina surua. Hizo zilikwenda na maji.

Halafu, nikiwa nimebakiza kidogo kumaliza, nikajiharibia kwa mkono wangu. Unyevu ulikuwa umezikunja nakala, nikaona nizipige pasi. Nikatandika karatasi nyeupe juu, pasi ikiwa moto wa pamba. Nilipofunua, nusu ya mwandiko wa baba ilikuwa imehamia kwenye ile karatasi ya juu, kama kwenye kioo, inasomeka kinyumenyume. Ile poda ya leza niliyoisifu kwamba haiogopi maji, nilisahau kwamba ilishikishwa kwa joto, na joto hilohilo linaweza kuilegeza. Nakala tatu zikaenda. Nilikaa siku nne bila kugusa meza ile. Niliporudi, nilizikausha kwa hewa na kuzilaza chini ya kamusi mbili nzito usiku kucha. Zikanyooka vizuri tu, bila moto wowote.

Za mwisho zilitoka tano, na hakuna mbili zinazofanana sawasawa, jambo ambalo nililitaka. Nyuma ya kila moja, chini pembeni, nimeandika kwa penseli "nakala" na namba yake. Nilifanya hivyo kwa sababu zilikuwa zimeanza kunitia wasiwasi. Ukikaa nazo mbali kidogo huzijui, na sikutaka wajukuu waje kugombania karatasi ya printa.

Siku ya kuzigawa nilizipanga mezani zote tano pamoja na barua yenyewe, zimekunjwa, maandishi ya penseli yakiwa yamefichika ndani ya mkunjo. Ndugu zangu walikisia. Kaka mkubwa alichagua ya pili kutoka kushoto na kuapa. Haikuwa. Yule wa mwisho, mwenye maneno ya moto, alichagua nyingine, naye akakosa. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mama alikuja mwisho. Hakuvaa hata miwani. Alichukua moja, akapitisha vidole mgongoni mwake, akairudisha. Akachukua nyingine, akairudisha. Ya nne akaishika, akatulia, akaitia kwenye mkebe.

"Mama, umejuaje?"

"Baba yenu alikuwa anakandamiza kalamu," akasema. "Pitisha kidole hapa."

Nilipitisha. Mgongo wa barua ulikuwa na vijimistari vilivyotuna, neno kwa neno, biki yake ilipokuwa imeikandamiza karatasi kutoka upande wa pili. Nakala zangu, pamoja na wino, msasa na mswaki wote ule, mgongoni zilikuwa laini kama kioo.

Usiku ule nilichukua nakala namba tano, ambayo ni yangu, nikatandika gazeti chini yake, nikatafuta biki iliyokwisha wino. Nikaanza kufuatilia mwandiko wake herufi kwa herufi, nikikandamiza. Mkono unachoka haraka, maana herufi "k" yake ina mkia unaozunguka kinyume na ninavyoandika mimi. Nimefika mstari wa sita.