Nilivyowaelewesha wanangu densiti kwa asali, maji, mafuta na kizibo

Likizo ya mwezi wa 6 mwanangu wa darasa la nne alinijia na daftari la sayansi anauliza densiti ni nini, nikamwambia ni uzito wa kitu ukilinganisha na nafasi kinachochukua, akaniangalia tu. Mdogo wake akadakia, "Mama, mafuta si mazito? Mbona kwenye mchuzi yanaelea juu?"

Hapo ndo nikaona shida iko wapi. Sisi tunasema uji mzito, asali nzito, mafuta mazito, tukimaanisha hayamiminiki haraka, halafu neno hilohilo tunalitumia kwa gunia la mahindi, sasa mtoto atajuaje tunaongelea kipi?

Nikaona maneno hayatasaidia, bora tupime. Tukaenda dukani kwa Mangi maana ana mizani ya dijitali, tukabeba kikombe cha plastiki cha robo lita, tukakiweka kitupu kwanza mizani ikarudishwa sifuri. Maji yakaja gramu 250 hivi, tukamwaga tukafuta kikombe mpaka kikauka, mafuta ya alizeti 230, asali karibu 350. Asali iwe ya mwisho jamani, ukianza nayo utahangaika kuosha kikombe. Mwanangu aliandika zile namba mwenyewe, akazirudia kuzisoma njiani kote.

Nyumbani tukachukua glasi ndefu, asali chini vidole viwili. Mara ya kwanza mdogo alimwaga maji kutoka juu kwa nguvu, yakaichimba asali ikavurugika, tukaanza upya. Mara ya pili nikainamisha kijiko kikagusa ukingo wa glasi kwa ndani, maji tuliyotia rangi nyekundu ya keki yakateremka polepole mgongoni mwa kijiko mpaka yakatulia juu ya asali, kisha mafuta vivyo hivyo. Yaani zilikaa tabaka tatu safi, kahawia, nyekundu, na njano juu.

Msumari mdogo ukapita mafuta, ukapita maji, ukaanza kuzama kwenye asali taratibu sana, na wote wawili walikuwa wameegemeza videvu mezani wanausubiri ufike chini. Kilichonifurahisha zaidi ni kizibo cha chupa ya maji ya kunywa. Tulikizamisha kwa kijiko kwanza ili hewa itoke ndani, tukakiachia, kikasimama katikati pale mafuta na maji yanapokutana. Plastiki ile ina gramu 0.95 hivi kwa kila mililita, mafuta 0.92, maji 1. Mkubwa akafungua daftari, akaangalia zile za dukani, akasema, "Kumbe kizibo ni kizito kuliko mafuta ila chepesi kuliko maji!" Sikumwambia mimi, alisema mwenyewe.

Glasi tuliiacha juu ya kabati usiku kucha. Asubuhi mpaka wa asali na maji ulikuwa umefifia, wekundu umeanza kushuka kwenye asali, lakini mafuta yalikuwa bado yamejitenga vilevile. Nikawaeleza kwamba asali inayeyuka kwenye maji, mafuta hayayeyuki, hilo ni jambo jingine na densiti. Mdogo akasema basi tukoroge yote tuone nini kitarudi juu. Tukakoroga.