Minyororo ya Sudoku na Suala la Kubahatisha

Jana jioni, upepo wa Ipagala ulipotulia, nilirudi barazani na sudoku iliyonisumbua tangu Jumapili, lile jedwali ambalo kila safumlalo, safuwima na boksi la vijisanduku tisa hupata namba 1 hadi 9 bila kurudia. Ilianza na namba 24, jambo ambalo halisemi lolote kuhusu ugumu wake, kwani hata zile zenye namba 17, idadi ndogo kuliko zote inayoweza kutoa jibu moja tu kama Gary McGuire na wenzake wa Dublin walivyothibitisha mwaka 2012, baadhi yake ni nyepesi. Katika vijisanduku vilivyobaki nilikuwa nimeandika kwa penseli namba zote zinazowezekana, na sasa ilibaki minyororo tu, yaani kufuata hoja za "kama si hii, basi ile" kutoka kijisanduku kimoja hadi kingine.

Mnyororo wa namba moja, unaopita pale ambapo namba hiyo imebakiwa na nafasi mbili, ulikatika mapema. Nikahamia kwenye ule niupendao zaidi, wa vijisanduku vyenye namba mbili mbili. Nilipata vinne, kila kimoja kikionana na kinachofuata katika safumlalo, safuwima au boksi: 2 na 5, 5 na 8, 8 na 4, 4 na 2. Cha kwanza kisipokuwa 2 kitakuwa 5, hivyo cha pili ni 8, cha tatu ni 4, na cha nne hakina budi kuwa 2. Kwa hiyo ncha mojawapo lazima iwe 2, na kijisanduku kinachoonana na ncha zote mbili hupoteza namba hiyo. Nilifuta 2 moja tu, na boksi zima la chini kushoto likajaa.

Mdogo wangu, anayesoma hesabu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, hutumia mnyororo wa kulazimisha: huchukua kijisanduku chenye 3 na 7, akafuata matokeo ya kila moja, na njia zote mbili zikifika kwenye namba ileile mahali pengine, huiandika. Kwa muda mrefu nilimwambia kwamba huko ni kubahatisha. Nilikosea, kwa sababu hachagui upande wowote. Anachoandika ni kweli kwa vyovyote vile. Hata hivyo, njia yake hunilazimu kubeba picha mbili za jedwali kichwani kwa pamoja, ilhali mnyororo wangu naufuata kwa kidole, kijisanduku kwa kijisanduku.

Vimebaki vijisanduku kumi na tisa. Leo nitajaribu mnyororo mchanganyiko, unaounganisha ule wa namba moja na ule wa namba mbili mbili, nikianzia kwenye 6 ya safuwima ya nne.