Jina tulilompa fundi simu

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Wiki hii usingizi umenipaa kwa neno lililotoka kinywani mwangu mwenyewe. Hapa Mbagala tuna kibaraza chetu, tukishaswali Isha tunakaa kunywa kahawa. Kuna kijana fundi simu mtaani, siku hizi kapandisha suruali juu ya vifundo, maulidi haji tena. Akipita tunamwita, "We Al-Shabaab, njoo kahawa!" Tunacheka wee.

Jumanne nilimpelekea simu yangu, kioo kimepasuka. Nikamkuta anasikiliza mawaidha ya sauti nisiyoijua. Nikamuuliza, nani huyo? Akajibu bila kuinua macho, bisibisi mkononi: "Huyu anajibu maswali, mzee. Nyinyi mnacheka tu."

Nilikosa pa kuuficha uso.

Suratul Hujurat tunaisoma ya nini basi? Aya ya 11 inatukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Watoto tunawahifadhisha madrasa, sisi tunaivunja kibarazani, kashata mkononi.

Si kwamba hatujui uchungu wa ugaidi. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 11 mji huu huu wa Dar es Salaam. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji wakavuka mto Ruvuma, wakavamia kijiji cha Kitaya kule Mtwara. Askari wana kazi yao na Mungu awalinde. Ila askari hawezi kumjibu kijana swali la dini.

Ibn Abbas (r.a.), binamu yake Mtume, aliliweza. Makhawariji, kundi lililomwasi khalifa Sayyidna Ali na kumwita kafiri, walipojitenga Harura kule Iraq, aliwaendea huko huko kwao. Amevaa vazi zuri la Kiyemeni, basi wakaanza na nguo: hii nini tena? Akawasomea aya, hoja ya nguo ikaisha. Kisha akawauliza, mna kinyongo gani na Ali? Wakataja mambo matatu. Akawaacha wamalize! Ndipo akayajibu moja moja kwa Qur'ani na Sunna ya Mtume, na riwaya zinataja maelfu waliorudi. Si wote, najua. Ibn Muljam aliyemuua Ali alitoka kundi hilo hilo.

Wazee wenzangu, mniwie radhi, hapa nasema na sisi. Zamani kijana akibadilika, mjomba wake aliitwa, mkeka ukatandikwa, akaulizwa kwa upole ana nini. Leo nani kati yetu amemuuliza yule mtoto kwa nini kaacha maulidi? Pengine ana hoja. Pengine ana njaa, au hana hata moja kati ya hayo, kafuata Sunna yake tu, na sisi tumemvisha jina la wauaji. Mama yake analisikia jina hilo anaponunua mkaa. Tumeona haya hata kidogo?

Simu niliirudia Alhamisi. Nikamwita kwa jina alilopewa na baba yake, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Aliguna, akanirudishia chenji. Kesho baada ya Alasiri ustadhi wetu atakaa naye pale pale kwenye kibanda, kijana amesema maswali anayo mengi. Nami nitakuwepo, mdomo nimefunga. Kahawa naleta mimi.