Kabla kitabu cha picha hakijafika kwa mtoto

Kigoma, Ijumaa jioni

Boksi la vitabu vya msaada likifunguliwa, kila mtu anataka vigawiwe papo hapo. Visigawiwe kwanza. Vingi huja kwa Kiingereza, na darasa la awali huku kwetu lina watoto wanaoongea Kiha nyumbani. Kiswahili chenyewe ndiyo kwanza wanakizoea. Chambua kwa picha. Mwenzako ashike kitabu mbele, wewe simama nyuma kabisa ya darasa. Kama huoni sura ya mhusika imekunjamana au inacheka, hicho ni cha watoto wawili watatu, si cha darasa zima.

Kiswahili kiandikwe kwenye ukanda wa karatasi nyeupe, sentensi moja ya maneno manne hadi sita, ndipo ubandikwe juu ya Kiingereza. Ukiandika kwa maka peni kwenye ukurasa wenyewe, wino hupenya upande wa pili. Gundi ya uji wa muhogo ni ya bure, lakini inaita mende, na mende akishaonja haishii kwenye ukanda.

Mara ya kwanza usisome. Funua, watoto waseme wanachokiona, hata kwa Kiha, kisha wape neno la Kiswahili. (Dubu wataita mbwa. Sahihisha, endelea, theluji ya kwenye picha nayo isile kipindi.) Mara ya pili soma kidole kikitembea chini ya maneno. Mara ya tatu neno moja liende ubaoni: kofia, ko-fi-a, na hiyo ko itafutwe kwenye kobe na koti. Hapa ndipo wengi tunadanganyika, kwa sababu watoto hukariri kitabu kizima kama wimbo na mgeni akipita anadhani wanasoma. Onyesha neno la katikati bila kufuata mpangilio, utawajua wanaosoma.

Somo la wema, ninavyoona, linaharibiwa na ile sentensi ya mwisho ya mwalimu: "Kwa hiyo tumejifunza tupendane." Darasa zima, "Ndiyo mwalimu!" Mapumziko, mpira unagombewa kama jana. Afadhali usimame kwenye ukurasa ambao mtoto kakaa peke yake, uulize: "Anajisikiaje? Umejuaje?" Halafu nyamaza, usiwajibie. Hilo "umejuaje" ndilo lenye kazi, maana linawarudisha kwenye nyusi, mabega, mikono. Baadaye ndipo uulize wangekuwepo wangefanya nini.

Kitabu kimoja, watoto watatu: mmoja ashike, mmoja aonyeshe, mmoja aseme. Ukipiga makofi wanabadilishana. Bila makofi, mwenye nguvu ndiye msomaji.

Ndoo ya maji na sabuni ikae mlangoni, doa la mawese halitoki. Boksi lisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa. Kurasa zikichomoka, shona mgongo kwa uzi wa nailoni. Solotepu za bei rahisi hugeuka njano na kunasa ukurasa wa jirani. Aliyechana akushikilie kitabu unaposhona, asichapwe. Akichapwa, ukurasa mwingine utakaochanika utafichwa chini ya boksi, na siku ukionekana kipande chake hakipo tena.