Vacherin ya Maji: Jumamosi Moja Fribourg

Shangazi yangu wa Kyela alikuja kwetu Fribourg, Uswisi, Septemba 2017, akakaa wiki tatu. Shangazi ni mlokole wa miaka mingi. Pombe haiingii kinywani mwake, iwe kwenye glasi au kwenye mchuzi. Siku ya nne tukampeleka mkahawani kula fondue, jibini ya kuyeyushwa ambayo ndiyo sifa ya mji huu. Nikamuuliza mhudumu kama ndani kuna divai. Akasema ipo, lakini tusiwe na wasiwasi, moto unaimaliza yote. Shangazi akataka kujua kasema nini, nikamtafsiria. Akaweka uma chini, akala mkate na vitango vya siki, akanywa chai, akashukuru.

Alikuwa na haki ya kuuweka chini. Fondue haichemshwi kwa nguvu wala kwa muda mrefu, kwa hiyo moto hauimalizi divai yote. Tena dakika za mwisho wengi hutia kijiglasi cha kirsch, pombe kali ya cheri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mhudumu hakutuambia habari ya fondue ya pili ya Fribourg, iliyo ya hapahapa hasa: ya vacherin tupu, jibini laini ya hapa, isiyotiwa gruyère, jibini ngumu. Hiyo kwa asili yake hupikwa kwa maji.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi mzaliwa wa wilaya ya Gruyère, aliposikia mkasa huo alisema Jumamosi tutapika nyumbani. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Akaniandikia kwenye bahasha vitu vya kununua, mimi na shangazi tukatoka saa mbili asubuhi.

Soko la Jumamosi hutandazwa kwenye uwanja wa Place de l'Hôtel-de-Ville, mbele ya jengo la zamani la serikali, likapanda na kuingia Grand-Rue. Jumatano lipo Place Georges-Python, lakini kwa jibini mimi hupenda la Jumamosi. Nenda mapema, maana adhuhuri meza zinakunjwa. Na ujue kwamba maduka ya Fribourg Jumamosi yanafungwa saa kumi jioni, na Jumapili karibu milango yote imefungwa isipokuwa ya stesheni. Wageni wengi hulijua hilo wakiwa tayari barabarani na mfuko mtupu.

Kwa watu wanne bahasha ilisema gramu 800 za vacherin, yaani gramu 200 kwa kila mtu. Hizo ni bila ganda, kwa hiyo nunua kama gramu 900. Usichukue kipande kimoja cha umri mmoja. Vacherin Fribourgeois huiva kwa muda usiopungua wiki tisa. Changa ni laini, ladha yake ya maziwa na krimu, huyeyuka upesi. Iliyokaa miezi mitatu, minne, hata mitano ina ukali na harufu, lakini ikiwa peke yake huwa nzito. Muuzaji mzuri ukimwambia ni ya fondue ya vacherin atakuchanganyia mwenyewe. Yule wa siku ile, mtengeneza jibini aliyekuja na gari lake, alitukatia aina mbili nusu kwa nusu na kumwonjesha shangazi kila moja kwenye ncha ya kisu. Shangazi akataka ile kali iwe zaidi. Jamaa akacheka, akamwongezea kipande.

Neno la tahadhari kuhusu pakiti za dukani. Migros na Coop, maduka makubwa ya nchi hii, zote zina mifuko ya jibini iliyokwisha kukunwa, imeandikwa moitié-moitié, nusu gruyère nusu vacherin. Hiyo ni kwa kupika na divai. Ziko pia zilizo tayari kwa kupasha tu, na hizo mara nyingi divai imo ndani. Geuza nyuma usome viambato: ukiona vin blanc, yaani divai nyeupe, au kirsch, na kwa Kijerumani Weisswein, rudisha rafuni.

Meza ya pili ilikuwa ya matunda. Septemba ndiyo majira ya poire à Botzi, peasi ndogo zinazoota kwa vishada. Shangazi anayajua mapeasi ya nyanda za juu Mbeya, akachukua moja na kutaka kuuma. Nikamzuia, kwa sababu hizi haziliwi mbichi, ni ngumu na zinakausha ulimi. Unazipika nzima, na ganda lake na kikonyo chake: sukari kwanza mpaka iwe rangi ya kahawia, kisha maji, kisha peasi, moto mdogo hadi kisu kipite bila kusukumwa. Tulichukua kilo moja.

Kisha cuchaule, mkate wa mviringo, mlaini, wa manjano kwa zafarani, unaoliwa siku za Bénichon, sikukuu ya mavuno. Hupakwa siagi, na juu ya siagi moutarde de Bénichon. Jina hilo linapotosha, kwani haradali imo kidogo tu. Kitu chenyewe ni kama jamu nzito yenye mdalasini na karafuu. Utamu wake unatokana na vin cuit, na hapo jina linapotosha tena, maana vin cuit inatafsirika kama divai iliyopikwa ilhali ni maji ya peasi yaliyochemshwa masaa mengi mpaka yakawa meusi na mazito kama asali. Divai hakuna humo. Ila katika moutarde yenyewe baadhi ya wapishi huongeza divai nyeupe, kwa hiyo lazima umuulize aliyeipika. Mama wa meza ile alisema yake haina, akatuonyesha orodha nyuma ya chupa. Shangazi akainusa, akasema inanukia pilau.

Tulikuwa bado hatuna chungu. Fondue hupikwa kwenye caquelon, chungu kipana cha udongo, kizito, chenye mkono mmoja kama kikaango. Kipya dukani ni ghali, na hakuna haja, kwa sababu kabati za nchi hii zimejaa vyungu hivyo na vingi huishia kwenye maduka ya mitumba. Duka tulilokwenda lilikuwa navyo sita juu ya rafu moja. Mimi nilikuwa naangalia rangi. Shangazi akanisogeza pembeni. Kyela ndiko kwenye vyungu vya Wakisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema, na yeye amenunua vyungu maisha yake yote. Akakiweka cha kwanza juu ya vidole vya mkono wa kushoto bila kukishika ukingo, akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikatoa sauti fupi, iliyokufa. Akakirudisha. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kililia kama kengele ndogo, sauti ikaendelea kidogo baada ya kidole kuondoka. Akakigeuza, akapitisha ukucha ndani kwenye rangi ya kung'aa kutafuta mpasuko, akanikabidhi. Vile viwili vya kwanza kwa macho vilikuwa vizima kabisa. Chungu chenye ufa usioonekana ndicho kinachopasuka juu ya jiko, jibini yote ikamwagika mezani. Tulilipa faranga nane.

Tulitaka kuteremka Basse-Ville, mji wa chini kando ya Mto Sarine, tukapanda ile treni ya kamba ya mwaka 1899 inayotumia maji taka ya mji wa juu kama uzito: behewa la juu linajazwa maji, linashuka, linavuta la chini lipande. Shangazi aliipenda mno, harufu na yote. Tulirudi nayo bila kukawia, kwa ajili ya saa.

Pengine pa kusimama ni duka la kiwanda cha chokoleti cha Villars, kule Route de la Fonderie. Kwa asiyekunywa pombe, hapo pia pana jambo la kuangalia. Kiwanda hiki kinasifika kwa chokoleti zenye kileo ndani, za kirsch na za peasi ya Williams, na picha ya tunda kwenye karatasi haikuambii kama ndani kuna juisi au pombe. Chokoleti ya maziwa ya kawaida, au nyeusi, haina shida. Shangazi alichukua za maziwa, nyingi, za kwaya yake.

Saa kumi na mbili jirani akapanda na aproni yake. Alitukuta tumekwisha kuchemsha chungu kwa maji yaliyochanganywa na maziwa, jinsi wanavyofanya hapa kwa caquelon mpya. Shangazi alisema hata kwao chungu hakipikiwi chakula siku ya kwanza kabla hakijapewa kitu cha kunywa.

Kazi yenyewe ni hii. Vacherin inakatwa vijipande vyembamba, vidogo kama njegere. Hii ya maji mpishi wetu hakutaka ikunwe, kwa sababu iliyokunwa hushikamana na kuwa bonge kabla haijayeyuka. Chungu kinasuguliwa ndani na kitunguu saumu kilichokatwa nusu. Unatia maji ya moto, si yanayotokota, kama desilita moja na nusu kwa gramu 800, pungufu kidogo uanzapo maana kuongeza ni rahisi. Kisha jibini yote. Moto uwe mdogo kabisa wa jiko, na mwiko wa mti uende polepole chini kwa chini, kwa mchoro wa nane, ili usiache kona.

Siri yote ya vacherin ni joto. Isipite nyuzi 50 hivi, joto la maji ambayo kidole kinavumilia kwa shida. Ile ya nusu kwa nusu inastahimili kuchemka kidogo, tena hutiwa wanga wa mahindi unaoshikilia mafuta yasijitenge. Ya maji haina wanga wala divai, na uchachu wa divai ndio unaosaidia jibini ilainike sawasawa. Hapa kilichopo ni subira tu. Ikizidi joto, sehemu ngumu ya maziwa hujikunja kama mpira, inakuwa nyuzi ndefu chini, mafuta ya manjano yanaelea juu.

Na ilianza kutokea. Mke wangu alikuwa akikoroga, simu ikalia, jirani akageuka kuandaa viazi. Kwa nusu dakika mwiko ulisimama. Niliona ukingoni mwa chungu alama ya kung'aa, nyembamba, kama mafuta juu ya mchuzi wa samaki, na mwiko uliponyanyuliwa ikafuata kamba ya jibini. Jirani hakusema neno. Alikiinua chungu motoni mzimamzima, akakiweka juu ya taulo lenye maji, akatia kijiko kimoja cha maji vuguvugu, akakoroga kwa kasi, kisha kijiko cha pili. Dakika mbili, tatu. Alama ya mafuta ikamezwa. Angechelewa dakika moja zaidi isingerudi. Ya divai unaweza kuiokoa kwa kijiko cha wanga uliokorogwa na ndimu, hii hapana.

Ilipokuwa tayari ilikuwa nyeupe ya maziwa, inang'aa, inaanguka kutoka kwenye mwiko kama uji mzito wa ulezi, bila kipande wala uzi. Mezani haikuwekwa juu ya jiko la spiriti ambalo kila nyumba ya hapa inalo. Mwali wake ni mkubwa mno kwa vacherin. Iliwekwa juu ya mshumaa, na inatosha. Inaliwa vuguvugu. Wengi huchovya viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda, ndivyo tulivyofanya, na mkate wa jana kwa anayetaka, kwani mkate wa leo hukatika na kuzama. Kinywaji ni chai ya moto.

Shangazi aliomba, kisha akachoma kiazi chake, akakigusisha chini ya chungu kama jirani alivyomwonyesha, kwa sababu kila anayekula ndiye anayekoroga. Alikula bila kuzungumza kwa muda mrefu. Halafu akaniambia nimwambie jirani kwamba chakula hiki kina heshima. Nilihangaika kidogo kutafuta neno la Kifaransa, nikasema hivyohivyo, respect, na bibi yule akaielewa.

Anayetaka kuila nje aende Café du Gothard, Rue du Pont-Muré, au Café du Midi, Rue de Romont. Zote zinayo kwenye orodha. Usiishie kusema fondue. Sema kwa Kifaransa “fondue au vacherin”, yaani fondue ya vacherin, kisha uulize kama ni “à l'eau”, ya maji, na uongeze “sans kirsch”, bila kirsch, kwa maana wapo wanaotia kijiko cha kirsch kwa mazoea. Ukijibiwa kwamba pombe inayeyuka, agiza kitu kingine.

Baada ya peasi na cuchaule, nilifungua maji ya moto kuosha chungu. Jirani akayafunga. Jibini iliyoganda huoshwa kwa maji baridi. Ya moto huifanya kuwa gundi. Kililowekwa nusu saa, kikatoka safi kwa kitambaa. Shangazi alikikausha mwenyewe, akakiweka tena juu ya vidole, akakigonga, akasikiliza, ndipo akakifunika mezani.