Mahindi yenye mapengo

Tulipoingia maabara siku ile, tulikuta mahindi mawili mezani. Moja lilijaa punje kutoka kitakoni hadi nchani. La pili lilikuwa na mapengo yaliyotawanyika ovyo, kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Tukaanza kubahatisha: ukame, wadudu, chavua haikutosha. Mwalimu akakataa yote. Mmea uliolizaa, akasema, ulinawiri vizuri na haukuwa na ugonjwa wowote. Ila kromosomu zake mbili za jozi tofauti, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, zilikuwa zimebadilishana vipande.

Akatugawia chavua ya mmea huo, tukaidondoshea ayodini. Chembe iliyo nzima hujaa wanga, hivyo hugeuka nyeusi tii. Chini ya hadubini, katikati ya zile nyeusi, kulikuwa na nyingine zilizosinyaa, hazikushika rangi kabisa. Nikahesabu: karibu nusu zilikuwa tupu.

Sababu ilikuwa kwenye slaidi nyingine, ya seli zilizokuwa katika mayosisi, yaani mgawanyiko unaozaa seli za uzazi. Kwa kawaida kila kromosomu hulala sambamba na mwenziwe, mbilimbili. Zikiwa zimebadilishana vipande, kila sehemu humfuata mwenziwe kokote aliko, na kromosomu nne hushikana kwa umbo la msalaba. Mwanajenetiki Barbara McClintock aliuonyesha msalaba huo kwenye mahindi mwaka 1930. Mimi niliung'ang'ania mpaka mwenzangu akanisukuma begani: "Wewe, na sisi tuone!"

Mambo huharibika msalaba unapoachana. Zile mbili za asili zikienda upande mmoja na zile mbili zilizobadilishana upande wa pili, kila seli hupata jeni zote. Ya asili ikifuatana na iliyobadilishwa, seli hupata kipande kimoja mara mbili na kukosa kingine kabisa. Kwenye mahindi matokeo hayo mawili hutokea karibu sawa kwa sawa, ndiyo maana nusu ya chavua ilikuwa tupu, na mayai ya mmea yaliyopungukiwa vivyo hivyo yakaacha mapengo kwenye hindi.

"Na kwa watu je, Mwalimu?" mmoja akauliza.

Akajibu kwamba hata mtu anaweza kuishi na mpangilio kama huo akiwa mzima wa afya, asijue lolote mpaka atafute mtoto. Tofauti na mahindi iko hapa: chavua yenye upungufu hufa mapema. Mbegu ya mwanamume yenye upungufu huohuo huweza kurutubisha yai bila shida. Hasara huja baadaye, mimba inapoharibika. Akataja pia kromosomu ya 14 na ya 21 zinapoungana: mbebaji ana 45 badala ya 46, hana dalili yoyote, ila anaweza kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa inayochelewesha ukuaji na kujifunza, hasa mbebaji akiwa mama.

"Basi heri mahindi," akasema aliyeuliza. Yalikuwa maneno makali, ila sikuona pa kuyapinga.

Kabla hatujatoka nikauliza habari za punje zilizopona. Mmea ukichavushwa na wa kawaida, akasema Mwalimu, takribani nusu ya punje hubeba mpangilio uleule wa mama, na kwa kuzitazama huwezi kuzijua. Uzipande, usubiri zitoe chavua, kisha uje na ayodini.